Kusoma sarafu ya Kutch: mwongozo kamili, kuanzia mizani hadi jina la mfalme

Shangazi yangu wa Mji Mkongwe, Unguja, alikuwa na kopo la bati la vifungo, na ndani yake sarafu moja nzito ya fedha. Sisi watoto tuliiita "pesa ya Kihindi". Upande mmoja una maandishi ya Kiarabu ambayo mwalimu wetu wa chuoni alijaribu kuyasoma yakamshinda. Upande wa pili una herufi zilizoning'inia kwenye mstari kama nguo kwenye kamba. Nilipoirithi nilisoma tarakimu tu, 1936, nikaandika juu ya bahasha "India, George wa Tano", nikaifungia kabatini. Ikakaa hivyo zaidi ya miaka kumi. Yote mawili niliyoandika yalikuwa makosa: haikuwa sarafu ya India ya Waingereza, wala haikuwa ya George.

Ni sarafu ya Kutch, dola ya zamani ya pwani ya magharibi ya Bara Hindi, ambayo watu wa pwani wengi huitamka Kachi. Waingereza walipotawala Bara Hindi hawakulitawala lote moja kwa moja. Walibaki maharaja, manawabu na marao zaidi ya 560, kila mmoja na mipaka yake, na wachache kati yao wakaendelea kufua sarafu zao wenyewe. Rao wa Kutch, aliyekaa mji wa Bhuj, alikuwa mmoja wa wachache hao, na alizifua hadi mwisho wa utawala wake.

Naanza na Kutch kwa sababu ndiyo iliyo karibu nasi. Majahazi ya bandari zake, Mandvi na Mundra, yalikuja huku na kaskazi, yakarudi na kusi. Jairam Shivji, Mbhatia kutoka Kutch, ndiye aliyekodishwa forodha ya Unguja wakati wa Seyyid Said. Tharia Topan, Khoja wa Kutch, aliishika forodha hiyohiyo baadaye, na jengo alilolianzisha bado limesimama Barabara ya Mizingani, lile la roshani za mbao za kuchonga. Familia nyingi za Unguja, Mombasa, Lamu na Bagamoyo zina kopo kama la shangazi. Ukikuta sarafu humo, fanya haya, kwa mpangilio huu.

Kwanza kabisa: usiisafishe

Naliweka mbele kwa sababu kosa hili halirudi nyuma. Kwetu kitu cha shaba kikififia kinasuguliwa kwa ndimu na majivu, au kwa ukwaju, kikang'ara. Kwa sinia ni sawa. Kwa sarafu ni hasara: asidi inakula uso wa madini, majivu yanachora mikwaruzo midogo, na herufi ambazo zilikuwa bado zinasomeka zinalainika. Weusi juu ya fedha na rangi ya kahawia juu ya shaba ni ngozi ya sarafu. Iache nayo.

Kama ina vumbi au mafuta ya vidole, itumbukize kwenye maji safi yasiyo na chumvi, uitoe, uiweke juu ya kitambaa laini ikauke yenyewe bila kusuguliwa. Ukiona unga wa kijani kibichi unaopukutika juu ya shaba, itenge na nyingine siku hiyohiyo; kutu hiyo inaendelea kula, na unyevu wa bahari unaichochea.

Vifaa ni vichache: mizani ndogo ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, kama ile ya sonara, rula yenye milimita, sumaku, lenzi ya kukuzia, glasi ya maji, na uzi mwembamba. Shika sarafu kwa ukingo wake.

Pili: ipime uzani

Uzani hukuambia ni sarafu ya thamani gani kabla hujasoma herufi hata moja. Sarafu kuu ya Kutch ni kori, sarafu ndogo ya fedha yenye takriban gramu 4.7, na fedha yake si safi sana: karibu asilimia 60, iliyobaki ni shaba. Juu yake kuna ya kori mbili na nusu, takriban gramu 6.9, na ya kori tano, takriban gramu 13.87. Hizi mbili za juu ni za fedha bora, karibu asilimia 94. Rupia ya Waingereza ina gramu 11.66, kwa hiyo sarafu ya fedha yenye maandishi haya na inayoizidi rupia uzito ni kori tano. Ya shangazi ilisoma 13.81. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu hupungua kidogo, na upungufu wa kiasi hicho haunitii shaka.

Rao Pragmalji wa Pili alifua pia za dhahabu, za kori 25, 50 na 100. Ukiletewa moja, usikubali wala kukataa chochote mpaka sonara aipime.

Chini ya kori kuna ukoo mzima wa shaba, wenye majina yake. Trambiyo mbili ni dokdo moja. Trambiyo tatu ni dhinglo. Dokdo tatu ni dhabu. Dhabu mbili ni payalo, payalo mbili ni adhiyo, na adhiyo mbili ni kori. Kwa hiyo kori moja ni dokdo 24, au trambiyo 48. Baadhi ya zile za miaka ya 1940 zina tundu katikati, na aliyekua na senti kumi za Afrika Mashariki zenye tundu anaweza kuzichanganya akiziona haraka.

Tatu: hakikisha ni Kutch, si jirani yake

Hapa inabidi nikae kidogo, maana hapa ndipo hata wauzaji hujichanganya.

Kori haikuwa ya Kutch peke yake. Ng'ambo ya Ghuba ya Kutch, kwenye rasi ya Kathiawar, Nawanagar, Junagadh na Porbandar nao walifua kori, na zile za zamani, zilizopigwa kwa nyundo, zinafanana mno. Zote ni nene, ndogo, haziko mviringo sawasawa, na zote zimebeba maandishi ya Kiarabu yaliyokatwa nusunusu kwa sababu chapa ilikuwa kubwa kuliko kipande cha fedha. Maandishi hayo ni jina la Sultani Muzaffar Shah wa Tatu wa Gujarat, na mwaka 978 wa Hijria, yaani 1570 au 1571. Usidanganyike na mwaka huo. Kori hizi zilifuliwa kwa zaidi ya miaka 200 na mwaka ukabaki uleule, umegandishwa pale.

Na kisa cha huyo sultani kinanisumbua kila nikiishika kori ya namna hiyo. Akbar, mfalme wa Wamughal, alimnyang'anya Gujarat. Muzaffar akapigana miaka mingi, mwisho akakimbilia Kutch kutafuta hifadhi, na mwanzoni mwa miaka ya 1590 Rao Bharmalji akamkabidhi kwa jeshi la Akbar. Kabla hajafikishwa kwa Akbar akajiua. Kisha Kutch ile iliyomtoa ikaendelea kufua fedha yake kwa jina lake, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu soko lilishaizoea chapa hiyo na mfanyabiashara haikubali sura mpya kirahisi.

Wanatofautishwaje, basi? Geuza upande wa herufi za kuning'inia. Herufi hizo zinaitwa Devanagari. Tafuta neno श्री, yaani "Shri", kisha usome cheo kilicho karibu nalo. Nawanagar huandika Shri Jamji, maana mtawala wao aliitwa Jam. Porbandar ni Shri Ranaji. Junagadh ni Shri Diwan. Kutch ni Rao, na baadaye Maharao, likifuatwa na jina lake. Aidha, nyingi za sarafu za Kutch zina alama tatu ndogo: mkuki wa ncha tatu, mwezi mwandamo, na jambia la Kihindi liitwalo katar. Ukiziona zote tatu kwa lenzi, uko Bhuj.

Nne: soma upande wa Kiarabu

Mwalimu wetu hakushindwa kwa kukosa elimu. Herufi ni za Kiarabu, lakini lugha ni Kiajemi, na ndani yake wameingizwa wafalme wa Kiingereza. Ukishajua hivyo, Mswahili ana nafasi nzuri kuliko wengi, maana nusu ya maneno anayajua tayari.

ضرب husomwa "zarb", yaani kupiga. Ni shina lilelile la dharuba yetu. Hapa maana yake ni "imepigwa chapa", na hufuatwa na jina la mji: zarb Bhuj.

ملكه ni malkia.

قيصر هند, Qaisar-i-Hind, ni Kaisari wa India. Victoria alitangazwa kwa cheo hiki tarehe 1 Januari 1877. Kwa hiyo sarafu inayomwita malkia tu ni ya kabla ya hapo au ya karibu sana na hapo. Ikimwita Kaisari, ni ya baadaye.

Halafu kuna namba ya mfalme, nayo imeandikwa kwa neno la Kiajemi. Hapa ndipo nilipokosea mimi, kwa hiyo jifunze maneno manne tu: پنجم panjam ni wa tano, ششم shasham ni wa sita, هفتم haftam ni wa saba, هشتم hashtam ni wa nane. Panjam na shasham hufuata jina la George. Haftam na hashtam hufuata jina la Edward, na hatari iko kati ya hayo mawili, kwa sababu yanaanza na kumalizika kwa herufi zilezile. Tofauti iko katikati: haftam ina *fe*, yenye nukta moja juu, hashtam ina *shini*, yenye meno matatu na nukta tatu. Kwenye sarafu iliyolika, nukta ndizo hupotea kwanza, basi hesabu meno.

Niliposhika lenzi miaka kumi baadaye nikayaona yale meno matatu. Ni Edward wa Nane, aliyekaa kwenye kiti tangu tarehe 20 Januari hadi 11 Desemba 1936, akajiuzulu kabla hajavikwa taji. Uingereza haikutoa sarafu zake kwa matumizi ya kawaida. Kutch na Jodhpur zilitoa, na Afrika Mashariki pia: senti tano na senti kumi za 1936 zenye tundu zina jina lake. Mwenye mojawapo na kori tano hii ana vipande viwili vya mwaka mmoja, vya pande mbili za bahari moja.

Sarafu za kabla ya Victoria zinaonyesha jambo jingine. Rao Desalji wa Pili, aliyetawala 1819 hadi 1860, kwanza aliandika jina la Akbar wa Pili, mfalme wa Delhi. Kisha Bahadur Shah. Kisha, baada ya uasi wa Wahindi dhidi ya Waingereza wa 1857 na Bahadur Shah kuondolewa, likaja jina la Victoria. Rao ni yuleyule, jiji ni lilelile, na bwana wa juu amebadilika mara mbili. Vitabu hueleza hayo kwa kurasa nyingi. Kwenye meza yako ni sarafu tatu.

Tano: soma upande wa Devanagari

Upande huu ni wa mwenye nchi. Majina utakayokutana nayo zaidi ni haya, yakiandikwa hivi au karibu na hivi: प्रागमलजी Pragmalji (1860–1875), खेंगारजी Khengarji wa Tatu (1876–1942), विजयराजजी Vijayarajji (1942–1948). Jifunze kwanza la Khengarji, maana alitawala miaka 66, na jina lake limekaa mgongo kwa mgongo na watawala watano wa Uingereza: Victoria, Edward wa Saba, George wa Tano, Edward wa Nane na George wa Sita. Ukitaka kukusanya kitu chenye mwanzo na mwisho bila kutumia fedha nyingi, kusanya sarafu moja kwa kila jina kati ya hayo matano.

Ukiona जय हिंद, "Jai Hind", mahali palipokuwa na jina la mfalme wa Uingereza, tulia. Hiyo ni ya wakati wa uhuru, imeandikwa mwaka 2004 wa kalenda yao. Tarehe 1 Juni 1948 Kutch iliingia chini ya serikali ya India moja kwa moja. Sarafu hizo ni adimu na zinaigwa sana.

Sita: tarakimu na miaka miwili

Sarafu za mashine za Kutch zina miaka miwili, mmoja kila upande, na hazilingani. Si kosa. Upande wa Kiajemi una mwaka wa Kizungu. Upande wa Devanagari una mwaka wa Vikram Samvat, kalenda ya Kihindu.

Tarakimu za Kiajemi ni ۰ ۱ ۲ ۳ ۴ ۵ ۶ ۷ ۸ ۹. Aliyezoea za msahafu aangalie nne, tano na sita, ambazo zinaweza kuwa na umbo tofauti na alilozoea. Za Devanagari ni ० १ २ ३ ४ ५ ६ ७ ८ ९. Chunga १ na ९: zote zina kichwa cha duara na mkia, na kwenye sarafu iliyolika hugeuka pacha.

Toa 57 kwenye mwaka wa Samvat. Wakati mwingine jibu litapishana na mwaka wa upande wa pili kwa mwaka mmoja, kwa sababu mwaka mpya wa Wakachi huangukia kati ya Juni na Julai, si Januari. Sarafu ya shangazi ina १९९३ upande mmoja na ۱۹۳۶ upande wa pili. 1993 toa 57 ni 1936. Imekubali. Miaka ikipishana kwa minne au mitano, rudi kwenye lenzi kabla ya kumshuku mtu. Mara nyingi umesoma tarakimu vibaya.

Saba: je, ni ya kweli?

Anza na sumaku. Ikinasa, si fedha wala shaba. Isiponasa bado hujui, kwa sababu shaba nyeupe iliyochovywa fedha hainasi pia. Kipimo ninachokiamini ni cha maji, na hakiidhuru sarafu.

Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi, itumbukize mpaka izame yote ila isiguse chini wala ubavu wa glasi, uishikilie ikining'inia. Mizani itaonyesha namba ndogo. Gawa uzani wa sarafu kwa namba hiyo. Ya shangazi: 13.81 gawa kwa 1.33, ikatoa 10.38. Fedha safi ni 10.49, na fedha ya asilimia 94 inatakiwa iwe karibu na 10.4. Ingekuwa ya shaba nyeupe ingetoa 8.9 hivi.

Kwa kori moja jibu ni karibu 9.8, kwa sababu ya shaba nyingi iliyomo. Sarafu ni ndogo, namba kwenye mizani haifiki hata 0.5, kwa hiyo kosa la 0.01 linabadilisha jibu. Pima mara tatu, uchukue wastani, na uondoe mapovu ya hewa yaliyoshikamana na sarafu.

Kisha tazama ukingo na herufi kwa lenzi. Sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo kama ngozi ya chungwa na herufi zenye mabega ya mviringo. Iliyopigwa chapa ina herufi zenye kona kali.

Onyo moja kwa moyo wote. Kuna sarafu za manjano zenye picha za miungu ya Kihindu, zimeandikwa mwaka 1818 na jina la Kampuni ya Waingereza ya Mashariki ya India. Zinauzwa kwa madai kwamba zinavuta mchele au zinaleta bahati. Kampuni haikuzitoa kamwe kuwa fedha. Watu wamepoteza akiba ya maisha kwa uongo huo.

Ukikuta ya dola nyingine

Njia ni ileile, alama zinabadilika. Ya Hyderabad utaijua kwa Charminar, lango la minara minne. Chungulia mlangoni kwake kwa lenzi. Ukiona herufi *mimu*, ni ya Mahbub Ali Khan. Ukiona *aini*, ni ya Osman Ali Khan. Miaka yao ni ya Hijria. Mewar, mji wa Udaipur, waliandika maneno yasemayo "rafiki wa London". Alwar kuanzia 1877 walifuliwa rupia na Waingereza huko Calcutta, zenye sura ya Victoria upande mmoja. Travancore, kusini kabisa, walikuwa na chakram, fedha ndogo kama punje ya dengu, ndogo mno hata zilihesabiwa kwa ubao wenye matundu: unamwaga, unatikisa, kila tundu linashika moja. Kalenda yao ni ya Kollam, ongeza 825.

Mwisho: itunze na uiandikie

Usitumie mifuko laini ya plastiki ile inayonuka. Ikipata joto la pwani hutoa utomvu wa kijani. Bahasha ndogo ya karatasi inatosha, ndani ya kopo linalofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ukinunua sarafu India yenyewe, jua kwamba sheria yao ya 1972 huihesabu sarafu ya zaidi ya miaka 100 kuwa kitu cha kale, na mtu binafsi haruhusiwi kuitoa nchini. Za miaka ya 1930 na 1940 bado ziko nje ya sheria hiyo, lakini omba risiti yenye mwaka.

Juu ya bahasha andika kwa penseli kila ulichokiona, pamoja na ilikotoka. Ya kwangu, baada ya kufuta ya zamani, sasa inasomeka hivi:

*Kutch, Bhuj. Kori 5, fedha. Khengarji wa Tatu, kwa jina la Edward wa Nane (hashtam, meno matatu yanaonekana). Samvat 1993, 1936. Gramu 13.81, maji 10.38. Kutoka kopo la vifungo la shangazi, ambaye alipewa na jirani yake wa Kikachi alipokuwa akihama. Haijasafishwa.*